Umeandika “their” ulipotaka “there”: kutafuta kosa linakotoka

Kosa la aina hii lina ubaya wake: mashine hailioni, watu wanaliona. Ukiandika “recieve”, simu inakupigia mstari mwekundu papo hapo. Ukiandika “The others are already over their”, kimya. “Their” ni neno halali la Kiingereza, limo kwenye kamusi, kwa hiyo kikagua tahajia kinaliacha lipite. Barua inatumwa, na wa kwanza kuligundua kosa ni yule yule uliyetaka akuone mtu makini.

Wengi hujitibu kwa orodha. Wanachukua jozi hamsini za maneno yanayosikika sawa, wanazikariri jioni nzima, na baada ya siku chache kosa linarudi palepale. Si uvivu. Orodha inachukulia kwamba makosa yote haya ni ugonjwa mmoja, wakati mwenye kuandika “your” badala ya “you're” na mwenye kuandika “leave” badala ya “live” wana matatizo mawili yasiyohusiana hata kidogo. Kanuni itakayomponya wa kwanza haitamsaidia wa pili.

Kwa hiyo kabla ya kukariri chochote, pima. Irudie sentensi uliyoikosea, ficha neno lenyewe kwa kidole, kisha jiulize ni neno gani lilipaswa kukaa hapo. Ukijibu bila kusita, kosa lako ni la vidole. Ukibaki unayumba kati ya maneno mawili, hujui kazi ya neno katika sentensi, au unajua nusu. Na ukishangaa kwamba kumbe hayo ni maneno mawili na hayatamkwi sawa, shida iko sikioni.

Dalili: kanuni unaijua, lakini mkono unaandika kingine

Tazama ujumbe huu, wa kawaida kabisa:

“Please let me no if your coming. Its important that everyone is their on time, and bring the keys to.”

Makosa matano, na kikagua tahajia cha kawaida hakioni hata moja. Programu za siku hizi zinazokagua sarufi zitanasa baadhi, lakini usizitegemee kunasa yote. Aliyeandika hivi si mjinga wa Kiingereza. Mwulize tofauti ya “no” na “know”, atakueleza vizuri. Kilichotokea ni kwamba mtu anapoandika kwa haraka husikia sentensi kichwani, na vidole hufuata sauti ile. Sauti ikiwa na tahajia mbili, vidole huchukua ile iliyo fupi au iliyozoeleka zaidi. “No” inashinda “know”, “to” inashinda “too”, “your” inashinda “you're”.

Ndiyo maana waliozaliwa na Kiingereza hukosea hapa kama kawaida. Wao walikisikia miaka mingi kabla ya kukisoma. Kosa lao maarufu, “I should of called”, linatoka moja kwa moja kwenye sauti: “should've” ikitamkwa haraka hairuhusu sikio kuitofautisha na “should of”. Aliyejifunza Kiingereza darasani, huku “should have” ikiwa imeandikwa ubaoni, mara nyingi hata halifikirii kosa hilo. Kila mtu ana lake.

Ushauri unaotolewa sana kwa makosa ya uandishi ni kusoma kazi yako kwa sauti. Kwa makosa mengine ni ushauri mzuri. Kwa haya ni kupoteza muda. “Your late” na “you're late” zinatoka kinywani vilevile, na sikio lako litaridhika na zote mbili. Hapa panahitaji jicho, tena jicho lisilofuata maana ya habari. Fungua waraka, bonyeza Ctrl na F, andika “your”, na upite kila mahali inapotokea, mojamoja. Kisha “its”. Kisha “to”, ingawa hiyo inachosha, na kwenye waraka mrefu inatosha kuitazama kabla ya nukta, kwa kuwa “too” yenye maana ya “pia” hupenda kukaa mwisho wa sentensi. Usifanye hivi kwa jozi zote za lugha. Kila mwandishi ana maneno yake manne au matano yanayomponyoka, na akiyajua hayo, ukaguzi wa ukurasa mmoja ni kazi ya dakika chache.

Dalili: ritifaa inakaa pasipo pake

“Its” na “it's”, “your” na “you're”, “whose” na “who's”, “their” na “they're”. Hizi huonekana jozi nne lakini ni tatizo moja.

Ritifaa, kile kialama tunachokiandika katika “ng'ombe”, kwa Kiingereza huonyesha katika maneno haya kwamba herufi imeanguka. “It's” ni “it is” au “it has”. “They're” ni “they are”. Jaribio lake ni kulifumua neno: andika umbo refu, kisha soma sentensi. “The company changed it is name” haisomeki, kwa hiyo hapo ni “its”. “It has been raining” inasomeka, kwa hiyo “it's been raining” ni sawa. Jaribio hili halikosei, na ni la sekunde mbili.

Kinachowakwamisha watu ni kwamba ritifaa ina kazi ya pili. “The teacher's desk” ni meza ya mwalimu, na hapo hakuna herufi iliyoanguka. Ni alama ya umiliki. Mtu anafikiri kwa mantiki nzuri kabisa: ikiwa meza ya mwalimu ina ritifaa, rangi yake nayo iwe “it's colour”. Mantiki ni nzuri, ila viwakilishi havimo katika utaratibu huo. Vyenyewe vina maumbo ya umiliki yaliyo tayari: his, hers, ours, yours, theirs, its, whose. Hakuna anayeandika “hi's book”. Kila “its” inapokutia wasiwasi, weka “his” mahali pake. Ikikaa vizuri, hakuna ritifaa. Maneno kama “one's” na “somebody's” hubeba ritifaa ya umiliki, lakini hayo hufuata desturi ya nomino na ni nadra kumsumbua mtu.

Dalili: unasita kati ya mawili, na kila moja linaonekana sahihi

Hapa kuna kazi zaidi, kwa sababu chanzo ni sarufi. Swali la kuuliza si “lipi linaandikwaje?” bali “neno hili hapa ni nani: kitenzi, nomino au kivumishi?”

Anza na “passed” na “past”. “Passed” ni kitenzi tu, wakati uliopita wa “pass”. Igeuze sentensi iwe ya wakati ujao: “She passed the exam” inakuwa “She will pass the exam”, kwa hiyo ni kitenzi. “She walked past the gate” inakuwa “She will walk past the gate”. Kilichobadilika ni “walk”, na “past” imebaki kama ilivyokuwa. Basi si kitenzi, na haichukui -ed.

“Lead” na “led” ni kosa ambalo nimeliona hata kwenye ripoti za watu waliosoma sana, na nina huruma nao, kwa kuwa lugha imewategea mtego. Wakati uliopita wa “lead” ni “led”, kama “feed” na “fed”, “bleed” na “bled”, “breed” na “bred”. Lakini jirani yake “read” hukataa kufuata: huandikwa “read” kwa wakati uliopo na “read” kwa wakati uliopita, huku matamshi yakibadilika. Mtu anaiga “read” na kuandika “She lead the team last year”. Mtego wa pili ni kwamba metali ya risasi huitwa “lead” na hutamkwa kama “led” haswa, kwa hiyo jicho limeshawahi kuziona herufi hizo zikiwa na sauti hiyo, na halioni ubaya. Dawa ni kuihesabu “lead” pamoja na “feed” na kuiacha “read” peke yake.

“Principle” ni nomino tu: kanuni, msimamo. Ukiwa unataka kivumishi, yaani “-kuu”, ni “principal”, na mkuu wa chuo huitwa “principal” kwa sababu hiyo hiyo. “Complement” hukamilisha, na ndani yake unaliona “comple-” la “complete”. “Compliment” ni sifa unayompa mtu. “Stationary” ni kivumishi cha kitu kilichosimama. “Stationery” ni karatasi na bahasha, vitu vya “stationer”, yaani muuza vifaa vya kuandikia.

“Practice” na “practise” zina njia nzuri ya kutokea. Kwa Kiingereza cha Uingereza, yenye c ni nomino na yenye s ni kitenzi, lakini sauti ni moja, kwa hiyo sikio halikusaidii. Likope pacha ambalo sauti yake hutofautiana: “advice” ni nomino na huishia kwa s kavu, “advise” ni kitenzi na huishia kwa z. Ukijua kama ungesema “advice” au “advise” pale, umejua pia “practice” au “practise”, na “licence” au “license”. Kwa Kiingereza cha Marekani usihangaike: huandikwa “practice” na “license” kwa kazi zote mbili. Ila amua mapema unaandika cha wapi, maana kuchanganya ndani ya waraka mmoja kunaonekana vibaya kuliko kuchagua upande wowote.

“Affect” na “effect” hazitamkwi sawa kabisa, ila silabi ya kwanza haina mkazo na katika mazungumzo humezwa. Mara nyingi “affect” ni kitenzi na “effect” ni nomino. Ukitanguliza “the” au “an” na ikakubali, andika “effect”. Kuna “effect” ya kitenzi, kama katika “to effect a change”, yenye maana ya kuleta mabadiliko, lakini unaweza kuandika maisha yako yote bila kuihitaji.

Dalili: huoni sababu ya herufi zisizotamkwa, kwa hiyo hazikai kichwani

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kukasirika. Kwetu neno huandikwa linavyotamkwa. Maneno yakigongana kwa sauti, hugongana na kwa herufi. “Kaa” ni ya jikoni, ya baharini na ya kitini, na hakuna aliyewahi kuikosea tahajia. Kiingereza kinafanya kinyume, na mtu hudhani ni ukorofi tu.

Nyingi ya herufi hizo bubu zilikuwa zikitamkwa. “Knight” ilianza na k inayosikika, na gh yake, kama ya “night”, ilikuwa sauti ya kooni inayokaribia kh ya “sheikh”. “Write” ilikuwa na w iliyosikika. “Right” haikuwa nayo. “Two” ilitamkwa na w, na mpaka leo w hiyo inasikika kwa ndugu zake: twelve, twenty, twice, twin. Irabu nazo zilihama. Kati ya miaka ya 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilibadilika matamshi moja baada ya nyingine, na ndipo “meat” na “meet”, “sea” na “see”, zilizokuwa na sauti tofauti, zikaangukia mahali pamoja. William Caxton alishafungua mtambo wa uchapaji Westminster mwaka 1476, na wachapaji walizidi kuzikaza tahajia huku vinywa vikiendelea kuhama. Kilichobaki kwenye karatasi ni matamshi ya watu wa zamani.

Faida ya kujua haya ni kwamba huhitaji kukariri herufi bubu peke yake. Mtafute jamaa yake. “Steal” ina “stealth”, “heal” ina “health”, ambapo ea inaonekana na maana inalingana. “Steel” na “heel” hazina jamaa hao. “Weight” hutoka kwa “weigh”. “Hear” imebeba “ear” ndani yake, na “here”, “there” na “where” ni dada watatu wa mahali, wote wakiwa na “here” tumboni. Neno likikosa jamaa, kama “bear” na “bare”, hapo ndipo ukariri, na utakuta yaliyobaki ni machache.

Kuna tabia nyingine ya Kiingereza ambayo walimu wengi hawaitaji. Maneno madogo ya kisarufi huruhusiwa kuwa na herufi mbili au hata moja, lakini nomino na vitenzi kwa kawaida hutaka angalau tatu. Ndiyo sababu “in” ni kihusishi na “inn” ni nyumba ya wageni, “by” ni kihusishi na “buy” ni kununua, “be” na “bee”, “so” na “sew”, “or” na “ore”, “I” na “eye”. Ukisita kati ya fupi na ndefu, uliza ni lipi linalotaja kitu au tendo. Hilo ndilo refu. “Go”, “do” na “ox” hukaidi, na “be” yenyewe ni kitenzi, lakini hata hivyo desturi hii inaokoa watu wengi.

Dalili: kwako yanasikika sawa, kwenye kamusi hayako sawa

Hili ndilo eneo ambalo vitabu vingi vya Kiingereza havilioni, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya wazawa. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza cha kawaida kina takriban sauti ishirini za irabu, ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka irabu moja kwenda nyingine. Sikio lililolelewa na irabu tano huzipokea hizo ishirini na kuzigawa kwenye vyumba vitano. Matokeo yake ni jozi ambazo si jozi: “ship” na “sheep”, “fill” na “feel”, “this” na “these”, “full” na “fool”, “staff” na “stuff”. Chumba cha a ndicho kinachofurika: “hat”, “hut”, “heart” na “hurt” zote zinaweza kuingia humo na kutoka zikiwa neno moja. “First” na “fast” pia.

Madhara yake ni makubwa kuliko ya “its”. Aliyeandika “I want to leave in this house” msomaji atahisi kosa, kwa sababu ya “in”. Aliyeandika “I want to leave here” akimaanisha anataka kuishi hapa, amesema kinyume cha alichokusudia, kwa sarufi safi, na hakuna programu itakayomshuku.

Kamusi ndiyo mwamuzi. Fungua kamusi yoyote ya mtandaoni yenye alama za matamshi, linganisha maneno mawili. Alama zikiwa zilezile, kama za “meat” na “meet”, hiyo ni homofoni ya kweli, yaani maneno mawili yenye sauti moja. Rudi kwenye tiba za juu. Zikitofautiana, usitafute kanuni ya tahajia, kwa sababu tahajia haina kosa. Alama mbili mithili ya nukta pacha baada ya irabu humaanisha irabu inavutwa: “leave” inazo, “live” haina. Bonyeza kipaza sauti, sikiliza yote mawili mara kadhaa, halafu mwombe mtu abonyeze bila wewe kuona, ubashiri ni lipi. Mpaka ubashiri wako uwe mzuri, usijisumbue na kinywa. Wakati sikio linafundishwa, jifunze neno ndani ya sentensi yake: “live in”, “leave for”.

Wenye lugha ya kwanza isiyotenganisha l na r watakutana na jambo hili hili katika “collect” na “correct”, “pray” na “play”. Tiba ni ile ile.

Dalili: walimu wawili wanakupa majibu mawili kuhusu kama yanasikika sawa

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Kwa Mwingereza wa London, “caught” na “court” ni sauti moja. Kwa Wamarekani wengi, r ya “court” inasikika waziwazi, lakini sehemu kubwa ya Marekani na Kanada haitofautishi “cot” na “caught”. Wapo Waskoti na Waairishi wanaotenganisha “which” na “witch” kwa pumzi mwanzoni. Usibishane. Tahajia haibadiliki kwa lafudhi, na ndiyo heri yake.

Dalili: neno moja moja ni sawa, msemo ndio umeharibika

“Free reign” inaonekana ina maana, kwa sababu “reign” ni utawala. Msemo wenyewe ni “free rein”, kutoka hatamu za farasi anayeachiwa aende. “Sneak peak” ni “sneak peek”, kuchungulia. “Peak” ni kilele. Mtu huwa “pores over” nyaraka, yaani huzisoma kwa makini. “Pours” angezimwagia kitu. Misemo hii ifunze ikiwa nzima na picha yake. Ukiitenga neno kwa neno utachagua lile linaloelekea kuwa na maana, na mara nyingi siyo.

Dalili: unaiambia simu, simu inaandika jingine

Programu ya imla huchagua tahajia kwa kutazama maneno jirani. Ukisema neno moja ukanyamaza, haina cha kutazama, inabahatisha. Sema sentensi nzima, bila kukata katikati, kisha kagua kwa jicho kama ungekuwa umeandika mwenyewe. Majina ya watu yakague zaidi ya yote.

Dalili: umejifunza, na sasa unakosea kwa upande wa pili

Hii huwapata wanafunzi wenye bidii. Jana walikuwa wakiandika “its” kila mahali. Leo kila mahali ni “it's”. Chanzo ni kujifunza maneno mawili yanayofanana kwa wakati mmoja: yanaingia kichwani yameshikana, na kila moja linamkumbusha mtu mwenzake. Yatenge. Chagua moja, lile lenye jaribio jepesi, lifanyie kazi mpaka likuzoee, na lile jingine usiliguse kabisa.

Kwa yale matatu yanayosumbua kuliko yote, anza na “they're”: ikifumuka kuwa “they are”, iandike hivyo, basi. Isipofumuka, weka “our” pale. Ikikaa, andika “their”. Ikikataa nayo, huhitaji jaribio la tatu. Ni “there”.